Kimeta: jinsi ya kujenga ufuatiliaji unaoanzia bomani, kwa maafisa wa Arusha na Kilimanjaro

Mwongozo huu ni wa afisa mifugo wa kata, daktari wa mifugo wa wilaya, afisa afya, na yeyote anayekaa kwenye kikao cha Afya Moja cha halmashauri, yaani kile kinachowakutanisha watu wa mifugo, wa afya na wa wanyamapori, katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Makaratasi tunayo. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ni ya 2003. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi walichagua magonjwa 6 ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu, na kimeta kimo, pamoja na kichaa cha mbwa, homa ya Bonde la Ufa, mafua ya wanyama, brusela na malale. Mwaka 2018 Dawati la Afya Moja lilizinduliwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Tatizo letu liko chini zaidi ya hapo, kwenye saa chache kati ya ng'ombe kuanguka na mtu kushika kitu mkononi: kisu au simu. Kikishikwa kisu, serikali hupata habari baadaye sana, kupitia vidonda vya watu kwenye zahanati. Hatua zote zilizoandikwa hapa zina kazi moja, kuifanya simu ishikwe kwanza.

Hatua ya 1: Chora ramani ya mahali mifugo ilipofia

Kimeta husababishwa na bakteria ambaye akikutana na hewa hujifunga ndani ya spora, yaani ganda gumu la kujikinga, na spora hizo hukaa kwenye udongo kwa miongo kadhaa. Kisiwa cha Gruinard huko Scotland kilifanyiwa majaribio ya kimeta wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kilitangazwa salama 1990, tena baada ya udongo wake kumwagiwa formalini, dawa kali ya kuua vijidudu. Hakuna halmashauri ya kwetu yenye fedha ya kuosha malisho namna hiyo, kwa hiyo mahali ng'ombe alipofia miaka kumi iliyopita ni taarifa unayoihitaji leo.

Spora hupenda udongo wenye chokaa na magadi, na upande wetu wa Bonde la Ufa umejaliwa udongo huo. Desemba 2016 kimeta kililipuka kata ya Selela, wilayani Monduli, kikaua wanyamapori na mifugo na kuwapata watu pia. Ngorongoro ni habari ya kila mara.

Upande wa mlimani mambo ni tofauti kidogo, na hapo ndipo wengi hujisahau. Ng'ombe wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, huko Rombo, Hai au Moshi Vijijini anafugwa bandani, hachungwi, na mwenye naye hujiona yuko salama. Lakini majani anayokula yamekatwa tambarare, yakafungwa mzigo, yakapandishwa kwa pikipiki au kwa kichwa hadi bandani. Yakikatwa chini kabisa karibu na udongo, mahali palipozikwa mzoga vibaya, ugonjwa unapanda mlima pamoja na majani. Kwa hiyo ramani ya kata ya juu lazima ioneshe pia akina mama wanakata wapi majani.

Chukua kaunta buku moja kubwa na simu yenye uwezo wa kurekodi eneo. Kaa na wazee, kijiji kwa kijiji, uwaulize ng'ombe walikufa ghafla wapi, mwaka gani, baada ya mvua au katikati ya kiangazi. Wazee wa kifugaji hukumbuka vifo vya mifugo kwa mwaka na kwa rangi ya ng'ombe. Nenda mahali penyewe, rekodi, weka alama. Ongeza mabwawa, majosho, njia za kuhamia, machinjio ya vijijini na minada, maana mifugo ya Longido na Monduli inakutana Meserani, na ya Siha na Hai inakutana Weruweru.

Angalia hasa miaka ya ukame. Nyasi zikiisha, ng'ombe hung'oa mashina pamoja na udongo. Halafu katika ukame vifo ni vingi kiasi kwamba kimeta hujificha humo humo. Mwanzoni mwa 2022 mizoga ilipozagaa Simanjiro, Longido na Monduli, nani angesimama kuuliza kama huyu mmoja amekufa kwa njaa au kwa kitu kingine? Weka kanuni mapema: hata kwenye ukame, mzoga wa mnyama aliyekuwa bado na mwili, aliyekufa bila kudhoofika, unatolewa taarifa.

Hatua ya 2: Mpe mwenye ng'ombe sababu ya kukupigia

Hapa ndipo mipango mingi inapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hesabu ya mfugaji ni rahisi. Fahali mzuri ni laki kadhaa. Akifa usiku na kuchunwa alfajiri, ngozi inauzwa, nyama inaliwa au inauzwa kwa bei ya kutupa, hasara inapungua. Akikupigia wewe, unakuja na koti jeupe, unakataza nyama isiguswe, unafunga njia ya mnadani, na watoto bado wana njaa. Mtu mwenye akili timamu, ambaye baba yake alikula kibudu akazeeka salama, atachagua nini?

Faini haibadilishi hesabu hiyo. Nimeona kijiji ambacho mgambo walitumwa kumkamata mtu aliyechuna kibudu. Tangu hapo taarifa kutoka upande ule zilikauka kabisa, na mizoga ikaanza kuchunwa usiku. Adhabu ibaki kwa anayeuza nyama ya kibudu buchani akijua. Aliyepiga simu asiguswe hata kama ameshachuna, na jambo hilo litamkwe kwenye mkutano wa kijiji mbele ya mtendaji na mwenyekiti, watu wote wasikie.

Ahidi vitu vitatu unavyoweza kuvitimiza. Cha kwanza, utafika siku hiyo hiyo. Cha pili, mifugo iliyobaki bomani kwake itakuwa ya kwanza kuchanjwa. Cha tatu, atapata jibu la maabara kwa mdomo wako mwenyewe. Ukishindwa hata kimoja, habari itafika kwenye maboma mengine kabla pikipiki yako haijarudi ofisini. Zungumza pia na malaigwanani, viongozi wa kimila wa Wamasai: jamii ya kifugaji ina desturi ya ukoo kumchangia aliyepoteza mifugo, na wakikubali kwamba aliyefukia ng'ombe kwa usalama wa wote anastahili mtamba, umepata kitu ambacho hakuna bajeti ya halmashauri ingekupa.

Nani apige simu? Usitegemee mwenye mali peke yake. Mama wa boma ndiye anayekamua asubuhi na kuona kwanza nani hakuamka. Wavulana wachungaji wanajua mzoga uko wapi. Mwenye duka la dawa za mifugo anajua nani amekuja mbio kununua oksi (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) kwa ng'ombe wanaokufa ghafla. Mnunuzi wa ngozi anajua zaidi ya wote, ila hatasema mpaka mmezoeana. Bodaboda hubeba nyama bila kuuliza. Mlimani ongeza mwenyekiti wa kitongoji na wachinjaji wa karibu na vilabu vya pombe, kwani nyama ya haraka haraka hupelekwa huko.

Namba ya kupiga iwe ya ofisi, isajiliwe kwa jina la ofisi, ikae kwenye simu ya kitochi inayokabidhiwa mtu kwa mtu. Afisa akihamishwa na namba yake, kata nzima inakuwa bubu. Iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa josho, mlangoni pa duka la dawa na pa ofisi ya kijiji. Karatasi iliyobandikwa haimalizi masika moja.

Kisha, kila Jumatatu, watoa taarifa wako wakutumie ujumbe hata kama hakuna kilichotokea. "Hakuna kifo" ni taarifa. Kijiji kilichonyamaza wiki tatu ndicho cha kutembelea. Wanunulie vocha, gharama yake ni ndogo kuliko mafuta ya safari moja.

Hatua ya 3: Kubalianeni nini kinaitwa tuhuma

Iwe fupi, mtu aikariri. Kwa mnyama: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda au mnyamapori aliyekufa ghafla bila kuumwa kwa kuonekana, hasa akiwa na damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, tumbo limevimba haraka, na mwili haukukakamaa sawasawa. Dalili zote si lazima zionekane. Kifo cha ghafla mahali penye historia kinatosha.

Kwa mtu: kipele kinachowasha kama kimeumwa na mdudu, kinakuwa lengelenge, kisha ndani ya siku chache kinageuka kidonda chenye kigaga cheusi katikati, kimezungukwa na uvimbe, na cha ajabu hakiumi sana. Au maumivu makali ya tumbo, kutapika, kuhara damu, au koo kuvimba, kwa mtu aliyekula au kushika nyama ya mnyama aliyejifia.

Hatua ya 4: Simu ikiingia

Mazungumzo ya kwanza yanaamua kila kitu. Kwa kawaida yanaanza hivi:

"Shikamoo daktari. Ng'ombe wa mzee amelala, hajaamka. Tumbo limejaa."

"Marahaba. Mmeshamfungua?"

"Bado. Vijana wananoa."

"Waambie wasubiri. Mwambie mzee nimemsalimu sana, nampa pole, naja mwenyewe leo. Msimguse, mumzungushie miba, mbwa wasifike. Kuna mwingine aliyelala?"

Pole kwanza, amri baadaye. Usitaje kimeta kwenye simu kama hujui nani anasikiliza upande ule. Uliza nani ameshika damu, na wanyama wangapi wengine wanaonekana hawako sawa. Kisha ondoka. Begi liwe limefungwa tayari muda wote: glovu jozi za kutosha kuvaa mbili mbili, gambuti, barakoa, aproni, pamba nyingi, formalini ya asilimia 10, sindano ndogo, slaidi, spiriti safi, vijiti vya pamba, vichupa vyenye mfuniko wa kuzungusha, kopo la kutupia vitu vyenye ncha, turubai, mifuko ya plastiki minene, kalamu isiyofutika. Nguo za kubadilisha na maji ya kunawa yasisahaulike.

Hatua ya 5: Chukua sampuli bila kumpasua

Mzoga unaoshukiwa kimeta haupasuliwi. Mnyama akiwa mzima hivyo hivyo, bakteria walio ndani hawapati hewa ya kutosha kutengeneza spora, na wakati mzoga unaoza vijidudu vingine huwaua katika siku chache. Ukimfungua, damu inamwagika, hewa inaingia, na umepanda mbegu ya miaka 50 mbele ya nyumba ya mtu.

Simama upande upepo unakotoka. Toboa mshipa wa sikio kwa sindano ndogo, tone moja linatosha. Litandaze kwenye slaidi, acha ikauke, izamishe kwenye spiriti safi kwa dakika 1, iache ikauke tena. Lowanisha kijiti cha pamba kwa damu ile ile, acha kikauke, tia kwenye kichupa. Damu iliyokauka haihitaji barafu, na kwa mtu anayetoka Ketumbeine au Malambo na pikipiki hilo ni jambo la maana sana. Ziba tobo la sikio kwa pamba yenye formalini. Kama mzoga umeshaoza, chukua kijiti cha pamba kutoka puani, kipande kidogo cha sikio, au udongo uliolowa damu.

Andika kwenye kichupa tarehe, kijiji, aina ya mnyama na namba ya tukio. Funga tabaka tatu: kichupa, kisha chombo kigumu kisichovuja chenye pamba ya kunyonya, kisha boksi la nje lenye alama ya hatari. Peleka kituo cha Arusha cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, kwa mkono wa mtumishi. Kuipa konda wa basi kama kifurushi cha dagaa ni hatari kwake na kwa abiria, na zaidi ya hapo boksi hupotea.

Maabara hupaka slaidi rangi ya bluu ya methilini iliyokomaa, au Azuri B, na kutazama kwenye darubini: vijiti vya bluu vyenye ncha za mraba, vimeungana mkia kwa kichwa, vimezungukwa na ganda la rangi ya waridi. Ni kipimo cha zamani, ni rahisi, na wilaya yenye darubini nzima na mtu aliyefundishwa inaweza kupata jibu la awali siku hiyo hiyo. Kama kuna fedha ya mafunzo ya kitu kimoja tu mwaka huu, mimi ningeiweka hapo.

Hatua ya 6: Mzoga

Ziba matundu yote, pua, mdomo na nyuma, kwa pamba iliyolowekwa formalini. Halafu amua.

Kuchoma ndiko bora, mradi kuni ziwekwe chini na mzoga uishe kabisa. Mlimani kuni zinapatikana. Tambarare ya Longido utakata migunga mingapi? Huko mara nyingi utafukia. Shimo liwe na kina cha mita 2 au zaidi, mbali na bwawa, korongo na kisima. Udongo ulioloa damu uchotwe na kutupwa ndani ya shimo hilo hilo. Halmashauri ikiwa na kijiko, ile mashine ya kuchimba, karibu kikichimba barabara, omba saa moja, maana ardhi ya mawe haichimbwi kwa jembe na vijana wawili.

Usimwage chokaa. Najua ndiyo desturi, na mashimo mengi yamemwagiwa. Mwongozo wa kimataifa wa kimeta unaikataza kwa kuwa kalisi inaweza kuzisaidia spora kudumu. Zungushia miba mikubwa na mawe fisi wasifukue, na chora alama ambayo haitaokotwa kuwa kuni.

Na kama jua linazama, hakuna kuni, hakuna kijiko? Acha mzoga mzima vile vile, funika kwa turubai, zungushia miba, weka mlinzi. Mzoga uliofungwa ukaoza mahali pake una madhara madogo kuliko uliokokotwa kilomita moja kwenye njia ya mifugo huku ukidondosha damu.

Hatua ya 7: Fuata nyama, fuata watu

Ikiwa umekuta mnyama ameshachunwa, usilaumu. Kaa chini, unywe chai ukikaribishwa, na uulize: nani alichuna, nani alibeba, nani alipewa mguu, nani alinunua, ngozi iko wapi. Andika majina kwenye orodha, kila mtu na kazi aliyofanya. Mlimani nyama hugawanywa kwa ndugu, majirani na mzee wa ukoo, kila mmoja na sehemu yake, kwa hiyo mama mwenye nyumba atakupa orodha kamili kuliko mwenye ng'ombe. Nyama iliyobaki, na ngozi, vichomwe au vifukiwe.

Kila aliye kwenye orodha aende zahanati au kituo cha afya, aseme wazi: "Nimegusa mnyama aliyekufa." Bila sentensi hiyo mganga ataona jipu. Bora zaidi mhudumu wa afya ngazi ya jamii aongozane nao, na awaangalie kila siku kwa angalau wiki moja. Kimeta cha ngozi kisipotibiwa huua watu 10 hadi 20 kati ya 100. Kikitibiwa mapema vifo ni nadra, na dawa ni za kawaida: penisilini, doksisaiklini, siprofloksasini, kwa maelekezo ya mganga. Kidonda kisikamuliwe wala kukatwa. Mtu mwenye maumivu ya tumbo, koo lililovimba, uvimbe wa usoni au homa kali asisubiri, apelekwe hospitali: Mount Meru kwa wa Arusha, Mawenzi au KCMC kwa wa Moshi.

Waambie majirani pia kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa kawaida kutoka mtu kwa mtu. Nimemwona mgonjwa anakula peke yake nje ya nyumba bila sababu.

Hatua ya 8: Taarifa iende pande mbili siku hiyo hiyo

Upande wa mifugo, taarifa hutoka kata kwenda kwa daktari wa mifugo wa wilaya, kisha mkoa na kituo cha kanda Arusha, hadi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Upande wa afya hutoka zahanati kwenda kwa mganga mkuu wa wilaya, mkoa, hadi Wizara ya Afya. Mwananchi anaweza kupiga 199 ya Wizara ya Afya bure. Kote kote kimeta ni cha kuripotiwa mara moja, ndani ya saa 24, kabla ya jibu la maabara.

Programu za simu zipo: AfyaData iliyotengenezwa na SACIDS, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza pale Chuo Kikuu cha Sokoine, na EMA-i ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Zitumie, zinarekodi eneo na muda vizuri. Lakini mnyororo wa mifugo na mnyororo wa afya unaweza kupanda hadi Dodoma sambamba bila kugusana. Kwa hiyo weka utaratibu rahisi tu: daktari wa mifugo wa wilaya na mganga mkuu wa wilaya wanapigiana simu siku ya tuhuma, kila mmoja ana namba ya mwenzake na ya kaimu wake. Kidonda cheusi zahanati bila taarifa ya mzoga maana yake kuna mzoga ambao hukuusikia. Mtume mtu akautafute.

Tukio likiwa karibu na mpaka wa Namanga, wenzetu wa Kajiado wajulishwe kupitia mkoa. Nyasi za kule ndizo ng'ombe wetu watakula mwezi ujao.

Hatua ya 9: Zuia, tibu, chanja

Daktari wa wilaya ndiye anayefunga eneo kwa mujibu wa sheria. Mifugo haitoki, haiingii, mnada wa karibu unafungwa au unakaguliwa, kwa kawaida hadi wiki 3 zipite tangu tukio la mwisho. Karantini ya wilaya nzima haifuatwi na mtu. Funga maboma yaliyoguswa na malisho yao, uwe na nguvu ya kulisimamia hilo.

Hamisha kundi kutoka malisho alipofia mnyama. Wenye homa watibiwe. Wazima wachanjwe. Hayo mawili hayachanganywi kwa mnyama mmoja: chanjo ya kimeta ni bakteria hai aliyedhoofishwa, wa aina iliyotokana na kazi ya Max Sterne Afrika Kusini miaka ya 1930, na oksi au penisilini itamuua kabla hajafanya kazi. Kwa kuwa wafugaji wetu huchoma oksi wenyewe, swali la kwanza kabla ya sindano ni: "Wiki hii mmewachoma dawa?" Wakisema ndiyo, wapange tarehe nyingine, zaidi ya wiki moja mbele, kadiri daktari atakavyosema kwa dawa iliyotumika.

Chanjo inatengenezwa hapa nchini na TVLA, Kibaha, na ipo ya mchanganyiko wa kimeta na chambavu, ugonjwa mwingine unaoua ng'ombe ghafla. Itunzwe nyuzi 2 hadi 8. Mabomba ya sindano yachemshwe, yasioshwe kwa dawa za kuua vijidudu. Chupa iliyofunguliwa iishe siku hiyo. Mbuzi huweza kuvimba vibaya baada ya chanjo, kwa hiyo anza na wachache, ukawaangalie, kisha endelea. Kinga huchukua karibu wiki 2 kujengeka na hudumu kama mwaka. Soma lebo kuhusu muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, umwambie mwenye mifugo mbele ya mashahidi.

Jambo la rekodi: chupa zilizotumika si ng'ombe waliochanjwa. Andika kwa boma, waliopo wangapi, waliochanjwa wangapi. Kampeni ya chanjo ya kitaifa iliyoanza 2025 imeelekezwa kwenye homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na kideri cha kuku, pamoja na heleni za utambuzi. Heleni hizo zitumie kwa kimeta pia, kwani namba ya sikioni haihamishwi na maneno.

Hatua ya 10: Washirikishe wa mbugani

Nyumbu, pundamilia na swala wanaokufa Selela au pembeni mwa hifadhi ya jamii ya Enduimet hawana mwenyewe wa kupiga simu. Askari wa wanyamapori wa vijiji, wale wa hifadhi za jamii za Randilen na Enduimet, pamoja na askari wa TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mamlaka ya wanyamapori) na Ngorongoro, wawe na kanuni ile ile ya tuhuma na namba ile ile. Tai wakizunguka mahali pamoja asubuhi, mtu aende akaone. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wana makao yao hapa hapa Arusha, wana madaktari, waitwe mapema.

Hatua ya 11: Rudisha jibu, panga mwaka

Jibu la maabara likitoka, nenda bomani. Likiwa hasi, nenda pia, maana huyo ndiye atakayekupigia tena akikuamini. Peleka nakala kwa mtendaji wa kijiji na zahanati, ongeza nukta kwenye ramani ya hatua ya 1.

Kalenda ni hii. Mwezi Septemba, kabla ya vuli, na Februari, kabla ya masika, chanja vijiji vyote vyenye nukta kwenye ramani. Mvua zikianza, ongeza safari za wiki za kutembelea mashimo ya zamani, maana maji hufukua. Mwezi wa kiangazi kikali, kaa karibu na wachungaji na wakata majani. Na Januari, halmashauri inapoandaa bajeti ya mwaka unaoanza Julai, weka kimeta kama kifungu chake chenyewe: mafuta ya pikipiki, formalini, slaidi na rangi, turubai, vocha za watoa taarifa, na saa za kijiko. Kisipokuwa na kifungu chake, fedha hutafutwa ng'ombe akishalala.